Njia Tisa za Kulisha Habari za Mtandaoni, Kuanzia Ile Inayokuzika Mapema

Tuanze kwa kupeana pole. Habari ya mtandaoni ndiyo bidhaa pekee ambayo mteja anaitumia bure, anaisambaza kwa ukoo mzima, anamtukana aliyeitengeneza, halafu anauliza kwa nini waandishi wa siku hizi hawachunguzi mambo. Wanachunguza, ndugu yangu. Wanachunguza nauli.

Kumpeleka mwandishi mkoani wiki mbili akafuatilie mradi wa maji usiotoa maji kunataka basi, gesti, bando na mwanasheria wa kupitia kila sentensi kabla haijatoka. Na Tanzania ya 2018 hukuruhusiwa hata kufika huko. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya ada ya mwaka. Milioni mbili na laki moja zimekwenda, na bado hujaandika "Na Mwandishi Wetu". JamiiForums, iliyokuwapo tangu 2006, ilizima kwa muda Juni mwaka huo kwa sababu ya kanuni hizo. Baadaye ada zilipunguzwa. Njaa ilibaki palepale.

Pesa itoke wapi basi? Semina za jambo hili ni nyingi na chai yake huwa nzuri. Mimi nimezipanga njia tisa kwa kipimo kimoja tu: ni watu wangapi wanatakiwa wakukasirikie kwa pamoja ndipo chumba chako cha habari kife? Wakiwa wengi, lala usingizi. Akiwa mmoja, lala na viatu.

9. Bahasha

Unaijua. Mkutano na wanahabari umekwisha, mheshimiwa kaondoka, na yule dada wa itifaki anasema kwa sauti ya chini, "Jamani wa media mbaki kidogo." Mnasaini karatasi. Inaitwa nauli. Nauli ya Posta hadi Mbagala haijawahi kufika elfu hamsini, lakini hakuna anayetaka kuuliza swali hilo, na kuuliza maswali ndiyo kazi tuliyosomea.

Msinikasirikie mimi, wala msimcheke aliyepokea. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari iliyotumika, tena inapotumika, tena mwisho wa mwezi ujao, hana anasa ya kukataa. Mkono mtupu haulambwi, na mhariri wake analijua hilo vizuri, ndiyo maana haulizi habari ilipatikanaje. Mtandaoni bahasha imevaa suti na kujiita "ushirikiano wa kimaudhui". Chawa, yule msifiaji wa kulipwa, hana haja hata ya suti.

Watu wa kukuua: mmoja. Na ndiye aliyeshika karatasi ya saini.

8. Sarafu ya kidijitali

Hii ipo ili tucheke kidogo. Marekani walianzisha kampuni iitwayo Civil, ikaahidi kuokoa uandishi wa habari kwa blokucheni. Mwaka 2018 ikauza sarafu zake, ikitaka walau dola milioni 8. Ikakosa vibaya mno, ikarudisha pesa za watu, na Juni 2020 ikafunga duka. Kununua sarafu yenyewe kulihitaji maarifa mengi kiasi kwamba aliyeyamaliza yote hakuwa tena na muda wa kusoma habari.

Watu wa kukuua: hakuna. Haikuwahi kuishi.

7. Tangazo la serikali

Tangazo la zabuni, tangazo la ajira, salamu za sikukuu kutoka wizarani zenye picha ya waziri kubwa kuliko sikukuu yenyewe. Pesa hizi zimelisha magazeti yetu miaka mingi, na magazeti hayohayo ndiyo yanayolipia dawati la mtandaoni. Zina kasoro mbili. Ya kwanza, zinachelewa. Vyombo vya Kenya vimekuwa vikiidai serikali mabilioni ya shilingi tangu matangazo yote yalipowekwa chini ya wakala mmoja mwaka 2015. Mhariri anayekudai haandiki kama mhariri asiyekudai. Anaandika kama mwenye nyumba anayemsalimia mpangaji, kwa adabu na kwa matumaini.

Ya pili ndiyo inayoua. Machi 2023 Rais Museveni aliagiza matangazo yote ya serikali ya Uganda yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la taifa. Machi 2024, Kenya, Katibu wa Utangazaji Edward Kisiang'ani akaagiza matangazo ya serikali ya redio na televisheni yaende KBC peke yake, watu wakapelekana mahakamani. Nchi mbili, mwaka mmoja kati yake, mwezi uleule. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Hakuna haja ya kumkamata mtu, kufunga mtambo wala kumwagia mtu maji ya kuwasha. Unahamisha tu bomba, kisha unangoja chombo kijifunge chenyewe na kulaumu "hali ya soko".

Watu wa kukuua: mmoja mwenye mhuri.

6. Facebook, YouTube na ndugu zao

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na wala hawakuwa na akaunti. Mwaka 2015 na kuendelea Facebook ilitangaza kwamba ulimwengu unahamia kwenye video. Vyumba vya habari vya Marekani vikafukuza waandishi vikaajiri wapiga picha. Septemba 2016 Facebook ikakiri kwamba kwa miaka miwili hesabu yake ya muda ambao watu hutazama video ilikuwa imezidishwa. Waliolipwa fidia, dola milioni 40 mwaka 2019, walikuwa watangazaji wa biashara. Waandishi waliofukuzwa walipata uzoefu. Tovuti ya Mic, iliyokuwa mstari wa mbele kwenye msafara huo, Novemba 2018 ilipunguza karibu wafanyakazi wote na kuuzwa.

Halafu kuna Kanada. Mwaka 2023 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni hizi zilipie habari. Meta, mwenye Facebook, ikajibu Agosti kwa kuzifungia habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Mwezi huohuo moto wa msituni ukalazimisha mji wa Yellowknife kuhama, na wananchi wakawa hawawezi kutumiana kiungo cha habari ya kuwaambia barabara ipi iko wazi. Kama kuna mtu bado anaamini kwamba kampuni hizi ni mbao za matangazo za umma, namwelekeza Yellowknife.

Kwetu ugonjwa huu una sura yake. Nenda mkutano wowote Dar es Salaam uhesabu vipaza sauti vya "TV online" mezani, msemaji haonekani. Kila kimoja kinasaka watazamaji wa YouTube, na watazamaji wanakuja kwa kichwa cha habari. Ndipo "HATIMAYE!! SIRI YAFICHUKA" ikawekwa juu ya video ya dakika kumi na nne za naibu katibu akifungua warsha. Mtazamaji anasubiri siri hadi mwisho. Siri ni kwamba warsha ilifadhiliwa. Vijana hawa si wavivu, wanakimbia kuliko sisi wa zamani, lakini anayewalipa analipa kwa kubofya, na kichwa cha kawaida hakibofywi. Pandisha bei ya habari ya kweli kwenye kanuni za kompyuta za kule California na kesho kutwa wataiandika.

Watu wa kukuua: wahandisi wachache ambao hawajui kama upo. Hawakukasirikii hata.

5. Mfadhili kutoka nje

Hapa nitasema taratibu, maana nusu ya marafiki zangu wanaishi humu. Sehemu kubwa ya habari za uchunguzi unazozikumbuka za bara hili zimelipiwa na ruzuku. Mfuko wa vyombo vya habari Tanzania, TMF, ulioanza 2008, umewapeleka waandishi vijijini ambako mhariri wao asingewapeleka hata kwa ndoto. Hilo ni jema, na litajwe.

Ila soma fomu. Kuna viashiria, walengwa, mabadiliko ya tabia, ripoti ya robo mwaka na kiambatisho cha picha za washiriki wakiwa wamesimama mbele ya bango. Chumba cha habari cha watu sita huwa na mmoja ambaye kazi yake ni kumwandikia mfadhili. Anaandika vizuri kuliko wote. Wasomaji hawajawahi kuliona jina lake.

Na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Shirika la kutetea wanahabari, RSF, likakumbusha kwamba bunge la Marekani lilikuwa limetenga zaidi ya dola milioni 268 za kusaidia vyombo huru duniani kwa mwaka huo. Wahariri waliolala wakiwa na bajeti wakaamka na barua pepe. Miezi miwili baadaye zamu ikafika kwa Sauti ya Amerika yenyewe: idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1962, ikanyamaza na watangazaji wake wakapewa likizo wasiyoiomba. Wao walikuwa wa serikali ileile iliyowafungia. Wewe wa Kigoma ulifikiri una undugu gani wa ziada?

Watu wa kukuua: mmoja, katika uchaguzi ambao huna kura.

4. Tajiri mwenye moyo

Jeff Bezos alinunua Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, akaimwagia pesa, tukamsifu. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti likazuiwa kutaja mgombea linayemuunga mkono, na wasomaji zaidi ya 200,000 wakasitisha malipo ndani ya siku chache. Hasira ya haki kabisa, isipokuwa ilimpata asiyehusika: Bezos hakukosa chakula cha jioni, waliokosa amani ni waandishi.

Tajiri mmoja alilitatua hili. Mwaka 1936 John Scott, mmiliki wa Manchester Guardian, aliikabidhi mali yote kwa amana, yeye na ukoo wake wakabaki bila gawio. Alijifunga mikono kabla hajashawishika kuitumia. Ukimpata wa namna hiyo Masaki au Karen, nipigie usiku wowote. Wengi ninaowasikia wanataka gazeti kwa sababu uchaguzi ni mwakani.

3. Kuuza kitu kingine kabisa

New York Times ilinunua Wordle Januari 2022, kwa zaidi ya dola milioni moja. Mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano. Leo michezo na mapishi ni nguzo za biashara yao, maana yake kuna mahali fulani vitani ambako mwandishi amevaa fulana ya kuzuia risasi iliyochangiwa na bibi wa Ohio anayetafuta namna ya kuoka mkate wa ndizi. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Naona bibi shujaa.

Kwetu wanauza mafunzo, huduma za video kwa mashirika, na mijadala ya hoteli yenye meza za wadhamini. Inalipa. Tatizo ni saa ishirini na nne za siku: mpiga picha wako mzuri yuko Bagamoyo anarekodi filamu ya mradi wa ufugaji nyuki, na wewe una bomoabomoa Kimara. Nyuki wamelipa. Utamtuma nani?

Watu wa kukuua: wateja kadhaa, polepole. Ni kifo cha kusahau ulianzisha duka kwa ajili gani.

2. Ukuta wa malipo

Sasa tunaingia kwa wasomaji, na idadi inaanza kuridhisha. New York Times walisimamisha ukuta wao 28 Machi 2011, habari 20 za bure kwa mwezi kisha fungua pochi. Walichekwa. Leo wana wanunuzi zaidi ya milioni 10. Mediapart ya Ufaransa ilianza 2008 bila tangazo hata moja, ikitegemea wasomaji wanaolipa tu, na ikaonyesha ni nini hasa watu hununua: mwishoni mwa 2012 ilifichua kwamba Jérôme Cahuzac, waziri wa bajeti aliyekuwa akiwasaka wakwepa kodi, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Alikana hadi bungeni, kisha Machi 2013 akajiuzulu, na Aprili akakiri. Kwa habari kama hiyo hata mimi natoa kadi. Kwa "wananchi watakiwa kudumisha usafi" sitoi.

Nation.Africa ya Nairobi ilijaribu Februari 2021. Mkenya akatazama ukuta, akakohoa, akaingia WhatsApp. Asubuhi gazeti zima limeshafika kwenye kundi la ukoo kwa PDF, limetumwa na mjomba ambaye hajawahi kununua gazeti tangu enzi za Moi, na chini kaandika, "Someni jamani, elimu ni bure."

Msimcheke mjomba; kagundua njia ya usambazaji. Aprili 2020 Mail & Guardian ya Afrika Kusini ilianzisha The Continent, jarida la PDF lililotengenezwa makusudi lipite WhatsApp, la bure, na likapita. Wengine waliofikiri wajanja walisema tatizo ni ukubwa wa bei, msomaji alipie habari mojamoja. Blendle ya Uholanzi ilianza hivyo 2014, ikiwa na pesa za New York Times na Axel Springer, na 2019 ikaachana na malipo hayo. Mtu hataki kufanya uamuzi wa kifedha kila anapokutana na kichwa cha habari, hata kama ni senti. Akisha kununua bando la siku anajihesabu kuwa amelipia intaneti yote, pamoja na wewe uliyemo ndani.

Lakini kinachonifanya niuweke ukuta nafasi ya pili si WhatsApp. Ni kwamba ukisimama sawasawa unagawa watu: wenye kadi wanasoma taarifa ya hospitali iliyokosa dawa, na wanaotibiwa kwenye hospitali hiyo wanabaki na chawa, ambaye siku zote ni wa bure.

Watu wa kukuua: maelfu. Hongera, unaweza kuvua viatu.

1. Mchango wa wasomaji, mlango ukiwa wazi

Tarehe 19 Februari 2021 mahakama ya juu kabisa ya Malaysia iliitoza Malaysiakini ringgit 500,000 kwa sababu ya maoni matano yaliyoachwa na wasomaji. Tovuti ilitoa namba ya akaunti. Kiasi chote kilipatikana siku hiyohiyo. Faini iliyokusudiwa kuwaangusha ikageuka kura ya imani, tena yenye risiti.

Hapa msomaji hanunui habari. Analipa ili habari iwepo, na asiyeweza kulipa asome pia. The Guardian walianza kuomba hivyo 2016, wakadhihakiwa kwamba wanapitisha bakuli, na mwaka wa fedha 2018/19, baada ya miaka ya hasara, wakapata faida ya uendeshaji ya pauni 800,000. Inanunua nyumba moja London, isiyo na maegesho. Lakini ni faida. Daily Maverick ya Afrika Kusini, waliokuwa miongoni mwa walioibua barua pepe za akina Gupta mwaka 2017, walifungua uanachama Agosti 2018: toa unachoweza, habari zibaki wazi kwa wote. Maelfu kwa maelfu wakajiunga.

Mtu wa nyuma ameshanyoosha mkono. "Hayo ni ya Wazungu, sisi watu wetu hawachangii." Kaka, kaa chini. Sisi? Sisi tunaochangia harusi ya mtoto wa jirani wa shemeji? Tuna kadi ya single na ya double. Tuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na orodha ya ahadi inayorushwa kwenye kundi kila jioni ikiwa na alama ya vema kwa waliotoa, ili asiyetoa ajione peke yake. Tuna kumbusho la kwanza, la pili, na lile la tatu linaloanza na "Ndugu wanakamati, kwa masikitiko". M-Pesa iko tangu Machi 2007. Katikati ya 2024 vijana wa Kenya, baada ya maandamano ya muswada wa fedha, walichanga mamilioni ya shilingi kwa simu kuwasaidia majeruhi na familia za waliouawa, bila semina hata moja ya kuwajengea uwezo. Kinachokosekana si utamaduni wa kutoa. Hakuna aliyetuletea kadi.

Zipo sababu mbili za kweli za kutoleta, na zote ni nzito kuliko "watu hawachangii". Mchango unataka ukoo. De Correspondent ya Uholanzi ilifaulu 2013 kwa watu waliojuana kwa lugha na mji. Walipojaribu toleo la Kiingereza la dunia nzima, 2018 wakakusanya dola milioni 2.6, na mwisho wa 2020 wakafunga. Dunia nzima haina mjomba. Tovuti inayoandika kwa ajili ya "Watanzania wote" haina wa kumtumia kumbusho la tatu. Inayoandika kuhusu bandari, au korosho, au wilaya ya Temeke, inao.

Ya pili ni hofu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na muamala una jina. Mtumishi wa halmashauri anayependa mno habari zako kuhusu halmashauri hatapenda jina lake lionekane kwenye orodha yenye alama za vema. Hapo utaratibu wa harusi lazima ubadilike: hesabu ziwe hadharani kila mwezi, nani kalipwa nini, mwanasheria kachukua ngapi, na majina yabaki kwa mweka hazina. Kiwango kiwe cha bando la siku, si cha kadi ya double.

Kamati ya chakula haina kazi hapa, wala ya mapambo. Kamati ya vinywaji nayo, kwa mara ya kwanza katika historia ya michango yetu, imefutwa. Chumba cha habari kimeomba kipengele hicho kijadiliwe upya.